Salamu za Njia ya Sayari

Bohunka Kalivodová aliitoa Dunia kiwandani ndani ya mfuko wa aproni, Ijumaa moja ya zama za Chama kimoja, na mlinzi wa getini akamtakia mapumziko mema. Dunia yenyewe ilikuwa gololi ya chuma ya beringi, ya nusu inchi. Zuhura, ndogo kidogo, ilitoka naye siku iyo hiyo, na Mirihi na Zebaki zikafuata wiki ya pili ndani ya kibweta cha chakula, chini ya matango ya siki. Mshtarii na Zohali hazikuweza kufichika, kwa hiyo alizikereza mwenyewe kwenye mashine yake baada ya zamu, kwa chuma chakavu, huku msimamizi akijifanya anaangalia mvua dirishani. Hesabu zilikuwa za mumewe, Otakar, au Ota, mwalimu wa fizikia aliyetaka sayari zote zipangwe kando ya njia, kila moja kwenye nguzo yake: mita moja ya njia ni kilomita milioni moja za angani, na ukubwa wa kila sayari vivyo hivyo. Nguzo zilichimbiwa na mji mzima, katika zile Jumamosi za kujitolea ambazo ukikosa kujitolea jina lako linaandikwa mahali.

Leo ukisimama kwenye uwanja wa mji wa Lhotka, mbele ya shule, penye Jua lililoungwa kwa vifuniko viwili vya tangi la maziwa, utasoma kibao kinachosema Njia ya Sayari ni kazi ya Mwalimu Otakar Kalivoda na wananchi. Bohunka ndiye "na wananchi". Alinuna mwaka mzima kwa ajili ya maneno hayo mawili, kisha akaacha, maana ni vigumu kumnunia mwanamume anayekuletea maua ya shambani kila akitoka kupima umbali wa Uranusi.

Mwanamume huyo sasa alikuwa anaondoka huku amekaa. Ilianza kwa vitu vidogo: ndara ndani ya friji, chumvi ndani ya kahawa. Halafu akaanza kukisalimia kioo cha bafuni, kwa heshima zote, na kukiuliza kama kinasubiri zamu. Bohunka alificha. Vendelin, mtoto wao wa pekee, fundi wa lifti kule jijini Brno, alipopiga simu kila Jumapili, mama ndiye aliyepokea. Baba yako yuko bustanini, alisema. Mwezi wa Januari, theluji imefika madirishani, baba bado yuko bustanini. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua, na mwezi wa Agosti Vendelin alikuja bila kupiga hodi akamkuta baba yake amevaa koti la baridi na chupi, anamsubiri mkaguzi wa shule aliyekufa miaka ishirini iliyopita.

Vendelin hakugomba. Alirudi Brno, na kimyakimya akapeleka jina la baba kwenye makao ya wazee yaliyo mji wa pili. Watu hungoja nafasi kule miaka miwili. Kwa bahati, ukitaka kuiita bahati, nafasi ilipatikana mwezi wa Oktoba. Jibu lilitakiwa Jumatatu kabla ya saa sita mchana, la sivyo inapewa familia nyingine. Fomu ilihitaji sahihi mbili, ya mtoto na ya mke. Ya mtoto ilikuwa tayari.

"Mama, weka sahihi," Vendelin alisema siku ya Ijumaa, jikoni, baada ya chakula.

"Sina kalamu."

"Kalamu hii hapa."

"Hiyo haiandiki."

"Mama, mimi nimetoka kuandika nayo sasa hivi!"

"Basi umeimaliza wino." Bohunka akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa. "Unajua mama yake baba yako alifia wapi? Mahali kama hapo. Walimfunga kiunoni kwa mkanda ili asianguke. Akaacha kuanguka, naam. Akaacha na kula."

"Zamani hiyo. Siku hizi hakuna mikanda."

"Siku hizi kuna vidonge."

"Una miaka sabini na nne, mama. Umekonda mpaka shingo inacheza ndani ya kola. Unalala lini wewe?"

"Nalala ninapolala."

Pale ndipo alipolitoa wazo lake. Alikuwa amelitafuna tangu barua ya makao ilipofika. Kesho yake ilikuwa siku ya Matembezi ya Sayari, ambayo chama cha watembeaji hufanya kila mwaka majani yakianza kuanguka: unachukua kadi kwenye Jua, unagongewa muhuri kwenye kila sayari, mwisho unapewa soseji na beji. "Twende naye," Bohunka alisema. "Wewe unamwona hapa ndani, na hapa ndani ni mgonjwa, sikatai. Kamwone kwenye njia yake. Ukiona amepotea, hata mara moja, naweka sahihi. Ukiona yuko sawa, unaichana karatasi yako na huileti tena nyumbani kwangu."

"Kwa hiyo kesho ni mahakama."

"Ndiyo, mahakama. Na wewe ndiye hakimu, ufurahi."

Vendelin alimwangalia baba yake, aliyekuwa anapanga makombo ya mkate kwa mstari mnyoofu, akakubali. Alikubali kwa sababu alitaka kukubali, mtoto yeyote angetaka. Alichokuwa hajui ni kwamba mama yake alikuwa amekwisha kuihonga mahakama.

Maana watu wa kule wana tabia yao moja. Mjini hawasalimiani. Utapishana na mtu mbele ya duka la mikate miaka kumi na wote mtaangalia viatu. Lakini mtu yule yule akishapita nyumba ya mwisho na kukanyaga njia ya matembezi, yenye alama za rangi kwenye miti, basi humsalimu kila anayepishana naye, amjue asimjue, mkubwa kwa mdogo, siku njema, siku njema, mpaka taya zichoke. Asiyesalimu husemwa kuwa ametoka Praha, jiji kuu. Bohunka alikuwa amegundua, kwa kutembea na Ota wiki baada ya wiki, kwamba mtu asiyemjua mtu yeyote duniani, ukimweka kwenye njia ile, huonekana anaujua mji mzima. Ujanja huo hakufundishwa na mtu. Mfa maji haishi kutapatapa.

Basi asubuhi alimvalisha shati la mistari na kofia ya sufu, akamfunga kamba za viatu mafundo mawili mawili, akatia mkobani vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaangwa na unga wa mkate, kila kipande kati ya slesi mbili, kimekunjwa kwenye karatasi ya fedha. Alikata kidole na hakuhisi. Hakuwa mtu wa kanisa, lakini pale mlangoni alisema moyoni: yeyote anayesikia, leo tu.

Uwanjani palikuwa na watu kama mia. Vendelin hakupoteza wakati. Alimsimamisha baba yake mbele ya Jua, akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Baba, hivi sayari ziko ngapi?"

"Tisa," akasema Ota.

Vendelin akamgeukia mama yake, akainua kidole kimoja. "Nane," alinong'ona. "Hata kibao kinasema nane."

"Kibao kimebadilishwa juzi!" Bohunka alimdaka mkono akamvuta pembeni. "Sisi tumechimbia tisa! Mimi nimezitafuta tisa! Pluto nimeitafuta kwa kibano, ndogo kama punje ya ulezi, wewe ulikuwa unanyonya! Sasa wataalamu wa nyota wakae huko mkutanoni wanyooshe mikono, waseme siyo sayari, halafu baba yako ndiye mgonjwa?"

"Sawa mama, sawa, usipige kelele."

"Ile nguzo ipo bado. Nenda kaione. Wameandika 'sayari mstaafu'."

"Nimesema sawa. Tisa. Nimempa."

Kwenye meza ya kadi alikaa Drahuše, mwenyekiti wa chama cha watembeaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye Ota alimfundisha na kumrudisha darasa mara mbili. "Mwalimu!" akapaza. "Siku njema! Jua linakusubiri tangu asubuhi!"

"Linasubiri miaka bilioni tano," akasema Ota, akavua kofia. "Dakika zangu kumi halizijui."

Watu wakacheka. Vendelin naye akacheka, na Bohunka akapumua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Sayari nne za mwanzo zimekaa karibu karibu. Ukiwa Mirihi bado unasikia harufu ya baa ya uwanjani. Ota alizigusa nguzo zote kwa kiganja, moja baada ya nyingine, akizitaja. Kwenye Dunia alisimama kidogo. Gololi iko ndani ya kioo kinene, imeanza kuingia kutu upande wa chini.

"Hii imeibwa," alisema.

"Imeibwa wapi, baba?"

"Kiwandani. Msichana mmoja aliiiba. Aliitoa ndani ya aproni." Ota akatabasamu, uso wote ukalegea. "Msichana wangu. Angefungwa, unajua? Kwa ajili ya gololi. Mimi nilimsubiri nje ya geti."

Vendelin alimwangalia mama yake kwa macho yaliyojaa maji. Bohunka alikazia macho ile gololi. Aliona haya kwa jinsi alivyofurahi. Miaka hamsini na mmoja ya ndoa, na yuko pale anahesabu pointi kama mtu aliyeweka dau kwenye mpira.

Baada ya Mirihi mji unakwisha, na nusu kilomita nzima hakuna sayari, ni mashamba ya ngano yaliyovunwa tu. Hapo ndipo salamu zilipoanza. Watu walikuwa wanakwenda na wengine wanarudi, familia nzima nzima na mbwa wao, na kila aliyekuja Ota alimwondolea kofia. Siku njema! Siku njema, mwalimu! Habari ya magoti? Yananibeba bado! Walimu wastaafu husalimiwa na nusu ya wilaya, na nusu nyingine ilisalimu kwa sababu ndiyo desturi. Mtu wa pembeni asingeweza kutenganisha.

"Anawajua wote," Vendelin alisema polepole.

"Nilikwambia."

"Mimi mwenyewe siwajui nusu yao."

"Wewe umekuwa mtu wa Brno."

Kidogo tu mambo yaharibike baada ya Mshtarii. Njia inagawanyika pale, upande mmoja unashuka kwenye kijiji alichozaliwa Ota, na Ota bila neno akashika njia hiyo, kichwa chini, mwendo wa haraka. Bohunka aliona kwamba anakwenda kwa mama yake. Alikuwa amekwenda mara tatu mwezi uliopita, na kule sasa kuna kituo cha mafuta. Vendelin alikuwa nyuma anaongea na simu kuhusu lifti iliyokwama. Bohunka alikimbia. Kwa miaka yake na nyonga zake, alikimbia, akamshika Ota mkono.

"Ota, kamba ya kiatu."

"Mama ananisubiri na supu."

"Supu ni ya moto bado, haijapoa. Njoo nikufunge kwanza kamba."

Alipiga magoti kwenye vumbi akafungua fundo zima, akalifunga upya, akimzungusha taratibu mpaka akawa ametazama upande wa Zohali. Vendelin alipokata simu, aliwakuta wanatembea pamoja kwenye njia sahihi, mama amemshika baba mkono.

"Kuna nini?"

"Kamba," alisema Bohunka. Goti lake lilikuwa linavuja damu ndani ya soksi. Kwa mara ya kwanza maishani aliishukuru simu ya mwanawe.

Halafu ikaja Zohali, na Zohali ilikuwa sherehe. Kundi la wanafunzi wa darasa la tano lilikuwa limekwama pale na mwalimu kijana asiyejua aseme nini zaidi ya kilichoandikwa kibaoni. Ota alisimama nyuma yao, akasikiliza, akakunja uso. Kisha akapita katikati, kama alivyopita miaka arobaini.

"Nani hapa ana mbio kuliko mwanga?" akauliza.

Hakuna aliyenyoosha kidole.

"Nyote! Kwenye njia hii mwanga unatambaa. Sentimita thelathini kwa sekunde, mwendo wa mtoto wa miezi minane anayefuata kijiko. Umetoka kwenye Jua pale shuleni, umechukua saa nzima na robo na dakika kadhaa kufika hapa. Nyinyi mmechukua dakika ngapi?"

"Ishirini!" walipaza.

"Basi mmevunja sheria ya fizikia. Msiwaambie wazazi." Watoto wakaangua kicheko, na Ota akaendelea, mikono hewani. "Sasa, sayari zikiisha, nyota ya jirani iko wapi? Iliyo karibu kuliko zote. Wapi? Kule msituni? Vienna?"

"Vienna!"

"Mbali zaidi."

"Afrika!"

"Mbali zaidi. Mtatembea mashariki, mtavuka nchi zote na bahari zote, mtazunguka dunia nzima bila kulala, mpaka mtokee upande wa pili kwenye mlango wa shule yenu. Hapo ndipo ilipo. Kilomita elfu arobaini." Akawaangalia mmoja mmoja. "Tuko peke yetu kiasi hicho. Kwa hiyo msipigane."

Yule mwalimu kijana alipiga makofi. Drahuše, aliyekuwa amefika kwa gari kuleta mihuri, alipiga makofi. Vendelin alikuwa amenyoosha simu anapiga video, na simu ilikuwa inatetemeka kwa sababu analia, jitu la kilo mia, analia hadharani.

"Mama," alisema, "mimi ni mjinga."

"Si mjinga, mwanangu. Uko mbali tu."

"Nilikuwa namwona kama gunia. Nimepeleka jina lake kule kama mtu anayepeleka gunia."

Bohunka alimpigapiga mgongoni. Alijua ameshinda. Tangu Mshtarii alikuwa hajamwacha Ota aende mbali naye, na sasa, kwenye Uranusi, baada ya kula nyama na mkate, alithubutu kumwacha. Upepo ulikuwa umeanza kuuma na mikono ya Ota ilikuwa ya baridi. Kwenye Neptuni kulikuwa na meza ya chai yenye ramu. Njia inazunguka kilima kufika kule, lakini kuna kinjia cha kukatiza msituni ambacho Bohunka alikijua tangu siku za kubeba nguzo.

"Nyinyi zungukeni taratibu," alisema. "Mimi nakatiza nikawaletee chai."

Alikwenda peke yake kwenye harufu ya utomvu na uyoga, na karibu aimbe. Kwenye Neptuni alichukua vikombe viwili vya karatasi, akaanza kurudi kuwapokea kwa njia kubwa. Aliwaona wanatokea kwenye kona ya kilima, baba na mtoto, bega kwa bega. Ota alikuwa anaeleza kitu kwa mikono yote. Jua la kweli lilikuwa nyuma yao.

Walipobaki hatua kumi, Ota alimwona. Akasogea pembeni ya njia kumpisha, kama mtu mwenye adabu anavyofanya akikutana na mwanamke aliyebeba vitu. Akavua kofia.

"Siku njema, mama," alisema. "Kilima kimekuchosha? Bado mbali kufika Neptuni?"

Lilikuwa tabasamu lile lile alilompa kila mtu. La Drahuše, la watu wenye mbwa, la watoto, la kioo cha bafuni. Halikupungua hata kidogo na halikuzidi.

Vendelin akacheka kwa nguvu. "Baba na utani wake! Mke wako huyu, umpishe aende wapi?"

Ota naye akacheka, kwa kuwa mwenzake amecheka.

Chai ilikuwa inamwagikia Bohunka kwenye vidole. Kwenye njia ile mtu akikusalimu unaitika. "Siku njema," aliitika. "Bado kidogo tu. Mita mia mbili."

"Asante sana. Safari njema, mama."

Akampita. Bohunka alibaki amesimama kwenye majani yaliyooza mpaka migongo yao ikafika mbali. Ota hakugeuka. Vendelin aligeuka mara moja, akamwonyesha dole gumba.

Alipowafikia, Vendelin alikuwa amekwisha kuitoa fomu kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nguzo ya Neptuni iko ukingoni mwa shamba, na pale hakukuwa na watu isipokuwa wale wa meza ya chai, mbali kidogo. Ota alikuwa anaigusa nguzo kwa kiganja.

"Umeshinda, mama," Vendelin alisema. "Sina la kusema. Nilikosea, na wewe ulikuwa sahihi." Akaikamata fomu kwa mikono miwili, tayari kuipasua.

Na Bohunka akaiona Jumatatu. Aliiona yote, na Jumanne nyuma yake, na Alhamisi, na mwezi wa Desemba. Aliona amefunga mlango wa jikoni kwa kiti. Aliona Vendelin anapiga simu Jumapili, na sasa hata yeye anaamini kwamba baba yuko bustanini. 

"Ngoja," alisema.

"Ningoje nini?"

"Venda. Mwezi wa sita nilishuka stoo ya chini kuchukua viazi. Baba yako akafunga mlango kwa ufunguo."

Vendelin akashusha mikono.

"Si kwa ubaya. Alikuwa anafunga kabati la vifaa vya fizikia, kama kila siku akitoka shule. Nikagonga. Akaja. Akauliza, nani? Nikasema, mimi Bohunka. Akasema, Bohunka hayupo, mama, yuko zamu kiwandani, njoo jioni." Alikuwa anazungumza akimwangalia Ota, aliyekuwa anafuta kioo cha Neptuni kwa mkono wa koti. "Nilikaa mle saa sita. Nilitafuna kiazi kibichi. Mwisho mleta barua akasikia."

"Mungu wangu, mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Ngoja, hilo si lenyewe." Midomo ilikuwa haimtii. "Lenyewe ni kwamba nililala. Baada ya kugonga nikajilaza kwenye magunia, nikalala. Usingizi wa kweli. Hakuna wa kuniita, hakuna maji yanayofurika, hakuna mtu aliyesimama juu ya kitanda ananiuliza mimi ni nani. Na yule mleta barua alipofungua, Venda, nililia. Akanibembeleza, akadhani naliona jua nashukuru. Nililia kwa sababu amenifungulia."

Vendelin aliikunja fomu polepole. Kwanza alikuwa mweupe, kisha mwekundu.

"Leo hakumkumbuka mtu hata mmoja," Bohunka alisema. "Hata mmoja. Hizo salamu ni desturi tu. Mimi nimekuleta hapa makusudi, nimekudanganya. Na pale kwenye Mshtarii alikuwa anakwenda kwa mama yake. Na mimi hakunifanyia utani." Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

"Mama, tunaweza kuzungumza nyumbani. Naweza kuhamia, naweza kuomba likizo..."

"Nipe kalamu kabla sijapona nikaanza kudanganya tena."

Akapewa, pamoja na fomu. Kalamu ilikuwa ile ile isiyoandika. Akaikunjua fomu, akatafuta pa kuiwekea. Nguzo ya Neptuni ni bomba la mviringo, meza ya chai iko mbali na watu wameizunguka, na karatasi ilikuwa inapigwa na upepo. Alijaribu juu ya goti lake; kalamu ikazama kwenye nguo. Alizunguka pale pale na karatasi mkononi, mwanamke mzee amekasirika, anatafuta sehemu bapa katika shamba zima, na sehemu bapa hakuna.

Ota alimwona anahangaika. Kwa miaka arobaini ya safari za shule, mtoto aliyekosa pa kugongea muhuri kwenye kadi yake aligongea kwenye mgongo wa mwalimu. Aliweka kofia chini kwenye majani. Akageuka, akainama, akashika magoti kwa mikono miwili.

"Mgongo huu hapa, mama," alisema. "Weka kadi yako."

Vendelin akageuka upande, akajifunika uso.

Bohunka aliilaza fomu kwenye lile koti alilolifua mwenyewe, chini ya bega, akaishikilia kwa kiganja cha kushoto. Chini ya kiganja aliuhisi mgongo unapanda na kushuka. Kalamu ilitoboa karatasi kidogo.

"Bonyeza vizuri," Ota alimtia moyo kutoka kule chini. "Usiogope, huniumizi."

Akabonyeza. Upepo uliendelea kupiga. Ota alingoja kwa subira, kama alivyowangoja wote.

"Tayari, mama?"

"Bado," alisema Bohunka, na jina lilikuwa limekwisha kuandikwa.